Kanuni za Soka: Ipi Ikazwe, Ipi Ibadilishwe? Ulinganisho kwa Waandaaji wa Ligi za Mitaa Arusha

Kila msimu, kabla ligi za kata hazijaanza hapa Arusha, kikao cha maandalizi huishia kwenye ubishi uleule. Mmoja anataka dakika za nyongeza ziwe nyingi. Mwingine anataka wanaomzonga refa watolewe nje. Wa tatu kaona jambo kwenye televisheni usiku wa Jumatano na anataka Jumapili liwe limefika Sombetini. Hoja zote zinajadilika, ila uwanja wetu ni wa shule ya msingi: mwamuzi mmoja, saa moja ya mkononi, vibendera viwili vya kitambaa cha khanga, na mechi ya pili inasubiri ya kwanza iishe.

Nimeziweka hoja hizo bega kwa bega, iliyopo na inayopendekezwa, ili mwenye kura kwenye kamati ajue anachagua nini. Kipimo nilichotumia ni hiki: adhabu yake inatolewa kweli? Nimefuatilia soka la mchangani na la Ligi Kuu muda mrefu, na naamini tatizo letu kubwa halitokani na sheria kuwa laini. Zipo sheria kali mno, kiasi kwamba mwamuzi akizifikiria anaona heri afumbe macho. Adhabu ndogo inayotolewa kila mara humrekebisha mchezaji haraka kuliko adhabu kubwa ambayo hakuna anayethubutu kuitoa.

Nani anaamua nini

Sheria 17 za soka hutungwa na bodi iitwayo IFAB, iliyoanzishwa mwaka 1886. Ina kura 8: England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana kura moja moja, FIFA ina 4, na sheria haibadiliki mpaka zipatikane kura 6. Afrika nzima sauti yake imo ndani ya zile 4 za FIFA. Kwa hiyo mtu akisema kikaoni “tubadilishe sheria ya kuotea,” aambiwe mapema kwamba hilo si la kata.

Lakini IFAB wenyewe wameacha mlango wazi kwa soka la vijana, maveterani, watu wenye ulemavu na soka la mitaani. Chama cha soka cha nchi kikiridhia, huko mnaweza kupunguza dakika za mchezo au ukubwa wa uwanja, mnaweza kuruhusu mchezaji aliyebadilishwa arudi tena, na mnaweza kumtoa mchezaji nje kwa muda kisha akarejea. Haya mawili ya mwisho yashikeni, maana hapo ligi ya kata ina uhuru ambao Ligi Kuu haina.

Kipa na mpira mikononi: sekunde 6 au 8?

Mtazame kipa wa timu inayoongoza bao moja, zimebaki dakika kumi. Krosi imekuja laini, hakuna mshambuliaji aliyemkaribia, lakini kaudaka na kujilaza kifudifudi juu yake. Anainuka goti moja kwanza. Anakung'uta vumbi kwenye bukta. Anawapungia mabeki wasogee mbele, anaudunda mpira mara tatu, anatembea mpaka mstari wa kumi na nane, halafu anarudi nyuma hatua mbili kana kwamba kasahau kitu. Pembeni vijana wa bodaboda wanapiga kelele: “Refa, saa! Refa, saa!” Ukihesabu taratibu unafika ishirini na kitu ndipo anabutua. Refa kamwambia “cheza, chalii” mara mbili, yakaishia hapo.

Kwa sheria iliyotumika miaka mingi, kipa alitakiwa auachie mpira ndani ya sekunde 6. Akizidisha, wapinzani wanapewa faulo isiyo ya moja kwa moja palepale alipo, ndani ya kumi na nane. Fikirini maana yake: timu nzima inajipanga juu ya mstari wa goli, mpira uko mita chache mbele yao, kila mtu anasukumana. Nani atapuliza filimbi hiyo dakika za mwisho? Hata waamuzi wakubwa duniani walikuwa hawapulizi. Moja ya mara chache ilikuwa nusu fainali ya wanawake ya Olimpiki ya London mwaka 2012, Marekani dhidi ya Kanada, uwanja wa Old Trafford. Kipa wa Kanada, Erin McLeod, aliadhibiwa kwa kukaa na mpira. Faulo ile ikazaa kunawa, kunawa kukazaa penalti, Marekani wakasawazisha na mwisho wakashinda 4-3 katika muda wa ziada. Mwamuzi alilaumiwa dunia nzima kwa kutekeleza kilichoandikwa.

Machi 2025 IFAB waliibadilisha, na kuanzia Julai mwaka huo kipa ana sekunde 8, na akizidisha wapinzani wanapiga kona. Mwamuzi anainua mkono na kuhesabu kwa vidole sekunde 5 za mwisho. Ukiangalia vizuri, sheria imelegezwa pande zote mbili: muda umeongezwa na adhabu imepungua. Ndiyo maana sasa inatekelezeka. Kombe la Dunia la Klabu la mwaka 2025 kule Marekani lilichezwa kwa utaratibu huo, na makipa wengi walikuwa wakiuachia mpira mara tu wanapoona vidole.

Hapa kamati haina kazi ya kuchagua, kwa sababu hii ni sheria tayari na haihitaji ruhusa ya mtu. Kazi ni kumwambia mwamuzi aanze kuhesabu kwa vidole tangu dakika ya kwanza, wala asingoje kipindi cha pili mambo yakiwa yamechacha. Kona ya dakika ya 5 hakuna atakayeipigania ngumi, na kipa atakuwa kashaelewa.

Yapo mengine ya namna hii yaliyomo kwenye sheria na tunayaacha bure. Tangu mwaka 2019 mchezaji anayebadilishwa anatakiwa atoke kupitia mstari ulio karibu naye. Huku kwetu bado anavuka uwanja mzima akipeana mikono na kila mtu, na refa anamsubiri.

Muda: dakika za nyongeza au saa inayosimama?

Katika mechi ya dakika 90 kwenye ligi kubwa za Ulaya, mpira unachezwa kweli kama dakika 55 hadi 60 hivi. Zinazobaki zinaliwa na mipira ya kurusha, faulo, mabadiliko na watu kulala chini. Njia za kuzirudisha ziko mbili.

Ya kwanza ni ile ya Qatar mwaka 2022. Pierluigi Collina, mkuu wa waamuzi wa FIFA, aliagiza kila kilichopotea kihesabiwe, na siku ya pili tu ya mashindano England na Iran wakacheza kama dakika 27 za nyongeza kwa vipindi vyote viwili, nyingi za kipindi cha kwanza zikitokana na kipa wa Iran kuumia kichwa. Ya pili ni saa inayosimama kila mpira unapotoka. IFAB waliliweka wazo hilo mezani mwaka 2017: vipindi viwili vya dakika 30, na dakika hizo ziwe za mpira unaochezwa tu. Hapo kulala chini hakuna faida tena, kwa sababu saa imelala na wewe.

Kwa haki tupu, hii ya pili ni bora. Mwamuzi habaki na siri ya dakika mfukoni mwake. Tulioiangalia Tunisia na Mali kwenye AFCON ya Cameroon, Januari 2022, hatujasahau jinsi mwamuzi Janny Sikazwe alivyopuliza filimbi ya mwisho dakika ya 85, akarudisha mchezo, kisha akapuliza tena kabla ya dakika ya 90 kutimia. Saa ikiwa juu ya ubao, uwanja mzima unaiona, jambo kama lile linazuilika papo hapo.

Sasa ilete huku. Dakika 30 za mpira unaochezwa, kwa mwendo wa kawaida, zinakula karibu dakika 50 za saa ya kawaida. Vipindi viwili na mapumziko, unakaribia saa mbili nzima. Mechi ya pili ikianza saa kumi na nusu jioni, dakika zake za mwisho zitachezwa giza likianza kuingia, maana Arusha ikishapita saa kumi na mbili na nusu mpira hauonekani, na miezi ya Juni na Julai wingu likitanda upande wa Meru mwanga huondoka mapema zaidi. Tena huwezi kuwaambia watu mechi itaisha saa ngapi. Na saa yenyewe atashika nani? Mtu wa mezani tunayempata kwa kawaida ni jirani wa timu mojawapo.

Kwa ligi yenye taa, ubao na waamuzi wanne, ningeipigia kura saa inayosimama leo hii. Kwa ligi ya kata, bakini na dakika za nyongeza lakini zihesabiwe kwa ukali na zitangazwe. Kipindi kikikaribia kuisha, mwamuzi awaite manahodha wote wawili, awaambie namba, kisha anyooshe vidole juu kuelekea kila upande wa uwanja. Ugomvi mwingi wa dakika za mwisho unazaliwa na watu kutojua zimebaki ngapi. Timu inayofungwa inaona inaibiwa, inayoongoza inaona inacheleweshwa, na wote wawili wanamwendea mtu mmoja.

Anayelala chini: atibiwe arudi, au akae nje?

Sheria iliyozoeleka inasema aliyetibiwa uwanjani atoke, asubiri mchezo uanze, aruhusiwe kurudi. Anachofanya mjanja ni kuvuka mstari kwa mguu mmoja na kuinua mkono. Ligi ya Marekani, MLS, ilianza mwaka 2024 kumweka nje kwa dakika 2 mchezaji anayelala zaidi ya sekunde 15 mpaka wahudumu wakaingia, isipokuwa kipa, aliyeumia kichwa, au aliyechezewa faulo ya kadi. Kwa kipimo changu ni kanuni nzuri: ndogo na haina mjadala.

Hata hivyo huku mtaani naiogopa. Hatuna daktari pembeni, tuna ndoo ya maji na chupa ya dawa ya kupuliza. Mtoto aliyeumia kweli ataficha maumivu ili timu isibaki pungufu. Kwetu bora ile ruhusa ya kutoka na kurudi: aliyeumia atoke, mwenzake aingie, akipata nafuu arejee. Hana sababu ya kulala chini kuvuta muda, wala hana sababu ya kujikaza.

Kichwa ni jambo jingine. Niliwahi kumwona kijana kagongana na beki, kamwagiwa maji usoni, kasimama, kauliza timu yake inashambulia goli lipi, na benchi likamrudisha uwanjani. Mchezaji aliyegongwa kichwa akapepesuka au akapotewa na kumbukumbu asirudi siku hiyo, hata kama ndiye mfungaji wenu tegemeo. IFAB walianza mwaka 2021 kujaribu mabadiliko ya ziada kwa ajili ya mtikisiko wa ubongo, na aliyetoka kwa sababu hiyo harejei. Hii iandikeni kwa herufi kubwa.

Mambo yanayobishaniwa kikaoni ambayo hayako mikononi mwetu

Kunawa kwenye mstari wa goli. Waafrika tuna kidonda cha tarehe 2 Julai 2010, uwanja wa Soccer City, Johannesburg. Ghana na Uruguay 1-1, sekunde za mwisho za muda wa ziada, kichwa cha Dominic Adiyiah kinaelekea wavuni na Luis Suárez anakizuia kwa mikono miwili. Kadi nyekundu, penalti, Asamoah Gyan akagonga mwamba, na Uruguay wakashinda kwa matuta 4-2. Afrika ikangoja mpaka Morocco mwaka 2022 kupata timu ya nusu fainali. Wengi wanasema pale mwamuzi angepaswa kuhesabu goli, kama raga wanavyofanya kwa timu iliyozuiwa kufunga kwa hila.

Moyo wangu uko nao. Lakini tukio la Suárez ni jeupe kuliko mengi. Yanayotokea kila wiki ni mpira uliogonga mkono wa beki hatua tatu kutoka mstarini, kipa yuko nyuma yake, na hakuna anayejua kama ungeingia. Mpe mwamuzi uwezo wa kuandika goli ambalo mpira wake haukuvuka mstari, utaona anavyoanza kutoona mikono. Penalti na nyekundu, kwa mkono wa makusudi, zinatolewa bila kusita, na kwa hilo nazichagua. IFAB wenyewe walielekea huko mwaka 2016, walipoona kwamba beki aliyejaribu kweli kuucheza mpira akamwangusha mshambuliaji ndani ya kumi na nane anapata penalti, nyekundu na kufungiwa, vyote kwa kosa moja. Siku hizi ni penalti na njano.

Kuotea. Arsène Wenger, anayesimamia maendeleo ya soka FIFA, anapendekeza mshambuliaji ahesabiwe kuotea pale tu mwili wake wote unapokuwa umempita beki. Mabao yataongezeka, sina shaka. Mwaka 1925, sheria ilipopunguza wachezaji wa ulinzi wanaotakiwa kuwa kati ya mshambuliaji na mstari wa goli kutoka watatu hadi wawili, mabao yalimwagika England. Ila mstari ukisogezwa, ubishi unasogea nao. Kama sasa tunagombania kidole cha mguu wa mbele, kesho tutagombania kisigino cha nyuma. Mshika kibendera wetu hatasaidika kwa lolote.

Video. Hapa kuna machaguo mawili: VAR, yaani waamuzi wasaidizi wa video, yenye chumba chake na waamuzi wake, au ule mfumo mwepesi ambao FIFA iliujaribu mwaka 2024 kwenye Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 kule Colombia, ambapo kocha anaomba marudio, kila mmoja ana maombi mawili, na mwamuzi mwenyewe anaangalia skrini ya kamera chache zilizopo. Kwa ligi za nchi zetu mfumo mwepesi unanivutia zaidi, kwa sababu unamfanya kocha awe na cha kupoteza. Na VAR kamili si kinga. Tarehe 5 Aprili 2024, Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, shuti la Aziz Ki lilipiga mwamba na kudunda chini. Yanga waliamini limevuka mstari, VAR ilikuwepo, goli halikuhesabiwa, na wakatolewa na Mamelodi Sundowns kwa matuta 3-2. Teknolojia ya mstari wa goli imetumika Kombe la Dunia tangu mwaka 2014. Pale haikuwepo. Ukipewa fedha za kitu kimoja tu, nunua kile kinachojibu ndiyo au hapana.

Goli la ugenini. Jumla ya mabao ya mechi mbili ikilingana, anapita aliyefunga mengi ugenini. Hii ni kanuni ya mashindano, haihusiani na IFAB, na ndiyo inayoniuma kama Mtanzania. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, waliolianzisha msimu wa 1965/66, walilifuta mwaka 2021. CAF, wenzao wa Afrika, bado walikuwa nalo msimu wa 2022/23, na fainali ya Kombe la Shirikisho ikatuonyesha ubaya wake: Yanga walifungwa 2-1 kwa Mkapa tarehe 28 Mei 2023, wakaenda Algiers tarehe 3 Juni wakashinda 1-0, jumla 2-2, na kombe likaenda kwa USM Alger bila hata muda wa ziada. Simba nao mwaka 2019 walitoka sare mbili na UD Songo wa Msumbiji, 0-0 na 1-1, wakatolewa hatua ya awali.

Wanaoitetea kanuni hii wana hoja moja ya maana: safari za Afrika ni ngumu bado, za ndege za kuunganisha na joto usilolizoea, kwa hiyo anayefunga ugenini anastahili kuthaminiwa. Naikubali nusu. Thamani ya kushinda Algiers ilikuwa wapi basi? Mbadala wake ni dakika 30 za ziada na matuta, na mwenye kulalamika kwamba matuta ni bahati akumbuke kwamba kila timu inapiga idadi ileile. Ningeifuta.

Kumzonga mwamuzi: njano, nahodha peke yake, au dakika 10 nje?

Hapa ndipo naomba kamati zitumie muda wao, kwa sababu mwamuzi akikimbia, mengine yote hayana wa kuyatekeleza.

Penalti imetolewa. Kabla mkono haujashuka, wachezaji saba wamemzunguka refa, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuja kwa daladala na begi mgongoni. Mmoja kamshika mkono wenye filimbi. Mwingine anamwongelea puani. Kocha kashaingia uwanjani, na nyuma yake mashabiki wamevuka chokaa. Refa anarudi nyuma hatua kwa hatua, anachomoa njano, anamwonyesha aliye karibu zaidi, ambaye pengine si yeye aliyeanza. Mchezaji huyo anacheka. Anajua hakuna anayeandika kadi hizo mahali popote, na mashindano yenyewe yanaisha baada ya wiki tatu.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Njano haimgharimu kitu leo. Nyekundu inamgharimu sana, na inamgharimu refa pia, maana ndiye atakayetembea peke yake mpaka stendi giza likiingia. Katikati ya hizo mbili hakuna kitu, kwa hiyo refa anachagua kuvumilia matusi.

Njia ya kwanza ya kujaza pengo ni ya nahodha peke yake. UEFA waliitumia EURO 2024 kule Ujerumani, na mwaka huohuo IFAB wakatoa mwongozo kwa mashindano yoyote yanayotaka kuifuata. Mwamuzi akitoa uamuzi mzito, nahodha tu ndiye anamsogelea na kuuliza. Mwingine akisogea, njano. Nahodha akiwa kipa, timu inataja mapema mchezaji wa ndani atakayesema kwa niaba yake. Haina gharama na inampa refa nafasi ya kupumua. Udhaifu wake ni kwamba nyuma yake kuna njano ileile isiyogharimu.

Njia ya pili waliijaribu Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000: anayebisha, mpira unasogezwa yadi 10 mbele. Iliachwa.

Ya tatu ni kumtoa mbishi nje kwa dakika 10. England waliijaribu kwenye ligi 31 za chini, ubishi ukapungua kwa asilimia 38, na kuanzia msimu wa 2019/20 wakaieneza kwenye soka lote la mitaani. Mwaka 2024 kulipovuma habari za kadi ya bluu, ya kumtoa mchezaji kwa muda, kwa ligi kubwa, FIFA walikataa na kusema majaribio yabaki ngazi za chini. Huko ngazi za chini ndiko tuliko.

Kwa nini inafanya kazi? Gharama inalipwa palepale, na wanaolipa ni wenzake. Timu inacheza kumi dhidi ya kumi na mmoja kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja, na mara inayofuata nahodha ndiye anayemvuta nyuma kabla refa hajageuka. Refa naye haogopi kuitoa, kwa sababu hajamfukuza mtu, kamwambia akapumzike.

Ina kasoro mbili za kweli. Timu iliyobaki pungufu hujifungia nyuma na kuua mchezo kwa dakika zile kumi. Na refa wetu mwenye saa moja anapata saa ya pili ya kuangalia. Ya kwanza naivumilia, kwa sababu timu iliyo mbele kwa bao moja huku kwetu inajifungia nyuma hata ikiwa kamili. Ya pili ina dawa: mtu wa mezani awe na karatasi, aandike jina na dakika, na mwakilishi wa kila timu akae pembeni yake akiiona karatasi hiyo.

Chaguo langu ni kuziunganisha: nahodha peke yake azungumze, na atakayebisha au kuzonga atolewe dakika 10. Makosa mengine ya njano yabaki njano ya kawaida, msichanganye. Atakayemsukuma mwamuzi au kumtisha ni nyekundu.

Utaratibu wenyewe IFAB wameshauandika, msiubuni upya. Mwamuzi anaonyesha njano, kisha ananyoosha mikono yote miwili kuelekea benchi. Dakika zinaanza kuhesabiwa mchezo unapoendelea, siyo wakati mbishi bado anajivuta kutoka. Muda ni asilimia 10 hadi 15 ya mechi nzima, kwa hiyo mechi ya dakika 60 ya watoto mweke dakika 6 hadi 9. Anayetumikia haruhusiwi kubadilishwa mpaka amalize. Akiwa kipa, mchezaji mwingine wa ndani anavaa glovu. Kipindi cha kwanza kikiisha hajamaliza, anamalizia kipindi cha pili. Kurudi kunahitaji ishara ya mwamuzi, na anaweza kuingia kupitia mstari wa pembeni hata mpira ukiwa unachezwa.

Kanuni hiyo isomwe kwa sauti mbele ya makocha na manahodha siku ya droo, kila mmoja atie saini nakala yake. Na ombi la ridhaa lianzie chama cha soka cha wilaya, lipande mkoani hadi TFF, shirikisho la soka la nchi, jibu lirudi kwa maandishi kabla ya droo yenyewe, maana bila karatasi hiyo timu ya kwanza kufungwa ikiwa pungufu itakata rufaa, na itakuwa na haki.